Saa 41 za kompyuta, sekunde 11 za Pongwe

Helikopta ya rimoti ilianguka Jumapili moja ya mwezi wa Juni, saa 1 na dakika 20 asubuhi, Pongwe, nje ya mji wa Tanga, kwenye kiwanja kilichobaki kitupu baada ya mkonge wa zamani kung'olewa. Tangu ilipoachana na ardhi hadi ilipojichoma kwenye mkonge wa jirani zilipita sekunde 11. Aliyekuwa akiirusha ni mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka 19, fundi simu wa Ngamiani, Tanga mjini. Aliyemfundisha na kumkabidhi rimoti ni mimi. Kwa hiyo nikisema nimekichambua kisa hiki bila kupendelea upande, msomaji ana haki ya kuguna.

Hasara: mapanga mawili ya rota kuu, bomba la mkia, gia kubwa ya plastiki, na ule mhimili mwembamba unaopita ndani ya kichwa cha rota kuyashika mapanga. Mtu hakuguswa. Vipuri vilichukua wiki tano kufika, na katika wiki hizo tano ndipo nilipopata muda wa kujiuliza kijana aliyefanya mazoezi ya saa 41 kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha, alikosea wapi.

Kwanza chombo chenyewe, maana wapita njia wote wanakiita droni. Si droni. Droni ya mapanga manne imebeba kompyuta inayoishikilia hewani. Ukiachia rimoti inatulia pale pale ikikusubiri. Hii ni helikopta ya daraja linaloitwa 450: uzito kama gramu 800, rota kuu yenye upana wa sentimita 70 ncha kwa ncha, na jairo moja tu, kifaa kinachohisi chombo kikigeuka, la kuushika mkia. Mengine yote ni juu ya vidole vyako. Kuielekeza isimame hewani ni kama kusimamisha mwiko wima kiganjani: haina mahali inapopumzika, kila sekunde inataka kudondokea upande fulani, na wewe unaukimbilia upande huo kabla haijafika. Mapanga yanazunguka kiasi cha mara 2,800 kwa dakika. Piga hesabu upate kasi ya ncha: mita 100 na ushei kwa sekunde, yaani karibu kilomita 370 kwa saa. Pangaboi la sebuleni likikugusa utalia. Hili likikugusa utashonwa.

Ndiyo sababu sikumruhusu kushika kitu halisi mpaka apite kwenye simuleta. Nilimwekea FMS, programu ya bure ya siku nyingi isiyochagua kompyuta, kwenye laptopu yake chakavu. Akanunua daftari, akawa anaandika kila siku: leo dakika 40, leo saa 1 na nusu, leo umeme umekatika. Asubuhi moja akanipitia dukani.

"Shikamoo mjomba. Nimefikisha arobaini."

"Marahaba. Arobaini ya nani tena?"

"Saa, mjomba! Saa arobaini!"

Nikamwangalia akirusha kwenye kioo cha laptopu. Helikopta ilisimama hewani mkia ukielekea kwetu, ikatulia kama imetundikwa kwa uzi. Akaipeleka kulia, akairudisha, akaitua. Nikasema Jumapili twende Pongwe.

Kwa nini Pongwe: uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu sana na mji, na kurusha kitu cha namna hii juu ya paa za Chumbageni ni kujitafutia kesi. Mwenye kauli juu ya vyombo vya angani visivyo na rubani ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ulizia ruhusa kwao kwanza, kisha ndiyo uongee na mwenye shamba. Nawaambia mapema kwa sababu kila ninapoonekana na rimoti kuna kijana anayeniuliza bei, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ruhusa.

Tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu, na rafiki yake mwenye bajaji aliyetubeba. Huyu wa bajaji ndiye aliyeokoa uchambuzi huu, na hakujua. Aliambiwa apige video ya helikopta. Akaona helikopta mbali inafanana na nzi, akaamua kupiga vidole vya mwenzake, halafu ndipo akainua simu kufuata chombo. Nilipoiona video mara ya kwanza nilimkasirikia. Sasa nataka kumnunulia soda.

Baada ya kuanguka kila mtu alikuja na mshitakiwa wake.

Mwenye bajaji alisema upepo. Ni dhana ya heshima mwezi wa Juni, kusi likiwa limeshika. Lakini kusi la Tanga huamka na jua. Asubuhi ile bado tulikuwa na umande, ule upepo mdogo wa nchi kavu unaokufa kabla hujamaliza chai. Kwenye video, nyuma ya bega la mpwa wangu, kuna rundo la mabaki ya mkonge linaungua. Moshi wake umepanda wima kama nguzo. Upepo tukauachia.

Mpwa wangu alisema jairo. "Mjomba, mkia ulijigeuza wenyewe, wallahi sikuugusa." Nikatoa mapanga yaliyovunjika, nikatenganisha gia ya mota, nikawasha umeme, nikaushika mwili wa helikopta na kuuzungusha kwa mkono kushoto na kulia. Kila nilipouzungusha, sevo ya mkia, kile kimota kidogo kinachotekeleza amri, ilisukuma upande wa kupinga. Nilipoacha, ilibaki pale pale ikishikilia. Jairo lilikuwa hai na akili zake timamu. Betri nayo nikaipima: ya seli tatu, ikijaa kabisa husoma volti 12.6, hii ilisoma 12.3. Ilikuwa haijaanza hata kuchoka.

Dada yangu, aliposikia, alisema husda. Sikupima.

Ikabaki video. Niliitazama usiku, nikiisogeza kidogo kidogo kwa kidole. Sekunde ya kwanza na ya pili: kidole gumba cha kushoto kinasukuma stiki ya nguvu juu, mapanga yanaongeza pembe, helikopta inanyanyuka. Hapa lazima nimsifu. Rota ya helikopta hizi kwa kawaida huzunguka kama saa ukiitazama kutoka juu, na mwili hutaka kuzunguka kinyume chake. Rota ndogo ya mkia inaupinga mzunguko huo, lakini katika kuupinga inakisukuma chombo kizima kushoto. Ndiyo maana helikopta ikitulia vizuri huonekana imelala kidogo upande wa kulia, na mwanafunzi asiyelijua hilo huiona ikimponyoka kushoto sekunde ya kwanza tu. Mpwa wangu alikuwa ameshasukuma stiki ya kulia kabla haijaanza kuponyoka. Sikumfundisha. Simuleta ilimfundisha. Tena hakuzubaa chini, pale ambapo rota inakanyaga upepo wake yenyewe na chombo kinatetereka kama mtumbwi bandarini. Alipita akaenda juu kiasi cha mita moja na nusu, akatulia. Mimi enzi zangu, bila simuleta, nilivunja mapanga jozi tatu kabla ya kufika hapo.

Sekunde ya nne. Helikopta imeanza kushuka kidogo, naye anaongeza nguvu. Kidole gumba cha kushoto kinapanda juu, lakini hakipandi wima. Kinapanda kwa mshazari, juu na kulia. Hapo niliisimamisha video, nikachukua rimoti yangu, nikafumba macho na kusukuma stiki ya kushoto. Kidole gumba kina bawaba yake kwenye kiganja, kwa hiyo kinapojinyoosha hakiendi mstari ulionyooka, kinachora tao. Kwenye stiki ndefu ya rimoti, tao hilo linatosha kubonyeza stiki kuelekea kulia, na stiki ya kushoto kwenda kulia maana yake ni kuuambia mkia: geuza pua kulia. Jairo halikuasi. Lilitii amri ambayo mwenye kidole hakujua ameitoa.

Saa 41 hakuwahi kuitoa, kwa sababu hizo saa zote hakuzifanya kwenye rimoti. Alizifanya kwenye pedi ya gemu, zile za kuchezea mpira, zenye vistiki vifupi kama vizibo vya soda. Kidole hapo hakina safari ndefu kiasi cha kupotea njia.

Hapa aibu ni yangu. Rimoti yangu ina tundu la kuiunganisha na kompyuta, waya tu ndio uliokosekana, na mtoto aliniomba. Nilimwambia pedi inatosha. Ukweli ni kwamba sikutaka rimoti yangu ilale Ngamiani.

Sekunde ya sita pua imeshageukia kulia, na inaendelea kugeuka kuja kwetu. Hili ndilo kaburi la wanafunzi wote wa helikopta za rimoti. Mkia ukikuelekea wewe, kulia kwako ndiko kulia kwake. Pua ikikuelekea, kulia kwako ni kushoto kwake, na kuisukuma mbele ni kuileta usoni mwako. Simuleta inakuruhusu kujifunza hali hiyo bila gharama, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote. Nikafungua daftari lake. Kurasa zote: mkia kwangu, mkia kwangu, mkia kwangu. Pua kwangu: mara mbili, mwezi wa nne, na pembeni ameandika "ngumu". Alifanya kile alichokiweza kwa sababu kinapendeza, na mimi nilipoenda kumkagua nilitazama kile kile kinachopendeza.

Sekunde ya saba ndiyo iliyoninyima usingizi. Helikopta inakuja upande wetu imeinama. Simu bado iko kwenye mikono. Vidole gumba vyote viwili vinainuka. Havitelezi wala havitetemeki. Vinainuka kwa pamoja, kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kusoma na kufunga kitabu. Stiki ya kulia inarudi katikati kwa springi. Stiki ya kushoto inabaki pale pale ilipoachwa, juu.

"Nilishusha, mjomba," alisema nilipomwonyesha. "Niliachia ili ishuke."

Na hakuwa anasema uongo. Kwenye pedi ya gemu stiki zote mbili zina springi. Ukiachia zinarudi katikati. Kwenye modeli aliyokuwa akiirusha, katikati ni nguvu pungufu kidogo ya ile ya kuelea. Kwa hiyo ukibanwa, ukaachia kila kitu, helikopta ya kwenye kioo hushuka taratibu ikakupa nafasi ya kufikiri. Alikuwa amelifanya hilo mamia ya mara, na likamwokoa mamia ya mara. Kidole chake kilikuwa kimejifunza kwamba kuachia ni kushusha. Rimoti haina desturi hiyo. Stiki ya nguvu haina springi kwa makusudi, hukaa pale unapoiweka. Alipoachia, aliiacha helikopta na nguvu za kupanda na mwinamo wa kuja kwetu, na hakuna wa kuifuta amri hata moja.

Mmarekani Edwin Link, aliyetoka katika familia ya watengeneza vinanda, alitengeneza kifaa cha kufundishia marubani mwaka 1929 kwa kutumia mifuko ya upepo na pampu za vinanda hivyo hivyo. Watu walikiona kama mchezo wa kwenye maonyesho. Mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walipokufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi likanunua vifaa vyake 6. Sanduku lenyewe lilikuwa dogo, la kuchekesha, na mabawa ya mbao kama ya mwanasesere. Lakini ndani ulikuta usukani na pedali za miguu kama za ndege. Link alipunguza mabawa. Mahali pa mikono na miguu hakupapunguza. Mimi nilifanya kinyume: nilimpa mtoto picha nzuri ya helikopta, nikampa na kitu kisichofanana kabisa na kile ambacho angekuja kukishika.

Sekunde ya nane simu inainuka kufuata chombo na vidole vinatoweka, ila sauti inaendelea. Na sauti ni yangu. Napiga kelele: "Kata! Kata! Kata!"

Rimoti ina swichi begani, upande wa juu, inayozima mota papo hapo bila kujali stiki iko wapi. Ndiyo iliyokuwa dawa. Helikopta ingeanguka toka mita tatu, ndiyo, lakini ingeanguka mapanga yakiwa yanapoteza nguvu. Nilimwonyesha swichi hiyo asubuhi ile, mara moja, nikamwambia ukisikia nikisema kata, bonyeza hii. Sasa kwenye video, baada ya "kata" yangu ya pili, helikopta inapinda ghafla kulia, inalala ubavu, inakwenda moja kwa moja mkongeni. Kwa siku kadhaa sikuelewa nani aliipindisha, ikiwa vidole vilikuwa vimeshainuka.

Nikamuuliza tukiwa tunakula mihogo jioni, bila hata kumtazama. "Niliposema kata, ulisikia?"

"Nilisikia, mjomba. Nikarudisha vidole nikakata."

"Ukakata wapi?"

"Kulia."

Mwenye bajaji, aliyekaa pembeni, akatikisa kichwa kukubali. Naye alisikia hivyo hivyo. Kata kulia, kata kushoto, kata kona. Mchana kutwa hana neno jingine la kumwelekeza dereva. Nilichagua amri ya dharura ambayo kwa kila kijana anayepanda bajaji Tanga maana yake ni geuza.

Tulipoanza upya, vipuri vikiwa bado njiani, nilinunua waya na rimoti yangu ikahamia Ngamiani. Siku ya kwanza alianguka kwenye kioo kama mgeni kabisa. Kidole cha kushoto kikigeuza pua kila kikiongeza nguvu. Alikasirika, akasema pedi ilikuwa nzuri zaidi. Siku ya nne tao la kidole likanyooka. Nikampiga marufuku kuandika saa kwenye daftari. Badala yake kila akianguka aandike pua ilikuwa imeelekea wapi. Ukurasa wa kwanza tu ukasema kila kitu: karibu zote ni pua kwangu au pua kulia.

Kwa pua kwangu kuna ujanja wa zamani niliompa: usifikirie kushoto na kulia, tazama upande wa rota unaoanguka, upeleke stiki upande huo huo kana kwamba unautia mwega. Unafanya kazi. Lakini mtu hana budi kuufanya mpaka asiufikirie, na hapo simuleta haina mpinzani, kwa sababu mwega wa kwenye kioo ukivunjika unabonyeza kitufe kimoja unaanza tena. Kitufe hicho nacho kina sumu yake. Anguko lisilogharimu kitu halifundishi woga wowote, na woga kidogo unahitajika. Nikamwekea sharti: kila akianguka atoke nje, afike bombani, arudi. Bomba liko kama hatua 30. Mama yake aliniuliza kwa nini mtoto anakwenda bombani mara 20 kwa jioni moja bila ndoo.

Kioo pia kinadanganya jambo moja ambalo sikuweza kulirekebisha. Helikopta yake ya kwenye kioo huwa kubwa wakati wote na pua yake inaonekana. Ile ya Pongwe, ikifika mita 30, ni kivuli cheusi mbele ya anga, na hujui kama inakuja au inakwenda. Tulipaka rangi ya chungwa vipira viwili vya mbele kwenye zile fimbo za mazoezi zinazofungwa kwenye skidi, miguu ya kutulia, na vya nyuma tukaviacha vyeupe. Si dawa kamili. Nikamwambia asivuke mita 10.

Amri tukaibadilisha. "Kata" ikafutwa. Sasa tunasema "zima". Nilimfanyisha kila siku: akiwa katikati ya kurusha kwenye kioo, mimi, au mdogo wake, au mwenye bajaji akipita, yeyote anasema zima, na kidole cha shahada kiwe kimeshafika kwenye swichi kabla neno halijaisha. Wiki ya tatu alikuwa hapotezi hata nusu sekunde. Mdogo wake akageuza kuwa mchezo wa kumwudhi.

Tulirudi Pongwe Jumapili ya mwisho ya Julai, mapema zaidi, umande bado uko kwenye nyasi. Alinyanyua, akatulia, sekunde 11 zikapita na mimi nikiwa nimeacha kupumua. Dakika moja. Dakika mbili. Akageuza ubavu, akashika. Hakuthubutu pua, nami sikumlazimisha. Dakika ya tatu akaanza kuishusha, polepole, kidole cha kushoto kimenyooka kama rula. Ilikuwa imebaki kama nusu mita kufika chini.

Kutoka shambani, mtu ambaye hatukumwona alimpigia kelele mwenzake: "We! Zima hiyo redio!"

Skidi moja ilipinda. Mapanga yote mawili yalikuwa mazima.